Jicho Katika Nyanya za Mkunga

Mkunga wetu hakuwahi kusema nyanya imeoza. Neno hilo aliliona ni la watu wavivu wa kutazama. Ukimpelekea tunda lenye doa, alikuuliza kwanza doa liko wapi: begani, ubavuni au kichwani? Kwa fikira zake nyanya huning'inia mtini kama mtoto anavyokaa tumboni siku zinapokaribia, kichwa chini. Pale inaposhikana na kikonyo ndipo kitovu, na kule chini, ua lilikodondokea, ndiko utosini. "Usiniambie iko mugonjwa," alikuwa akisema. "Niambie iko mugonjwa wapi." Usipojua, alikurudisha nyumbani ukatazame tena, hata kama wewe ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilimjua kwa miaka yote niliyoishi Rumonge, pwani ya ziwa, nikiwa mke wa jirani yake, tangu nilipoletwa pale bibi harusi hadi Wadachi, Wajerumani wale wa boma, walipokuwa wakifunga mizigo yao. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Alikuwa Mkunga. Alikuwa na ulimi mkali, mkono mwepesi, na bustani ya nyanya nyuma ya jiko lake ambayo watu walitoka Kizuka kuja kuitazama. Na alimtendea wifi yake kosa moja kwa ajili ya nyanya hizo, kosa lililomla moyo, akatamani kusamehewa kuliko alivyotamani kitu kingine chochote duniani. Nitalifikia. Nikianza nalo mtadhani alikuwa mtu mbaya, na mimi bado namtetea, hata sasa ambapo hakuna anayemshitaki.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ilianzia kwenye ukuta wa jiko, ikaishia kwenye uzio wa matete uliotenganisha ua wake na ua wa kaka yake, mkamuaji wa mawese. Mbegu, alisema, zililetwa kutoka Ujiji zikiwa zimefungwa kwenye pindo la nguo. Zilikuwa nyanya ndogo zenye mikunjo mabegani, chachu kidogo, ambazo ukizitia kwenye ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na mawese huhitaji kiungo kingine. Kila mche aliufunga kwenye ufito wa tete kwa kamba ya mgomba, akauacha nafasi kidogo ya kupumua, na alipopita asubuhi aliugusa kila mmoja kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya safari.

Mimi nilikuja pale sijui kitu. Kwetu nyanya zilijiotea zenyewe kwenye jalala, tukala tulichokikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda michache, nikaambiwa na mwanamke mmoja kisimani kwamba jua ndilo linaloivisha, kwa hiyo niyapunguze majani. Nikayanyonyoa yote. Baada ya muda mfupi nyanya zangu zikatoka mabaka meupe ubavuni, upande mmoja tu, ngozi yake ikawa kavu na nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaenda kwa Mkunga kichwa chini. Alizigeuza, akatazama jua liko wapi, akatazama mabaka yako wapi, kisha akanitazama mimi.

"Umemuvua mutoto nguo ukamuweka juani," akaniambia. "Weye mwenyewe ungefanya nini?"

Akaja na nyasi kavu, akazifunika zilizobaki, huku akinisema bila kupumzika. Alinisema kuhusu nyanya, akahamia kwenye namna ninavyofunga kitambaa changu, akamalizia na namna ninavyompikia mume wangu, jambo ambalo sikujua kalijulia wapi. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Ulipata maarifa yako, lakini uliyalipia kwa masikio.

Kila ugonjwa aliupa jina lake mwenyewe, na majina hayo yakawa ya mtaa mzima. Nyanya iliyopasuka karibu na kikonyo, mvua ya kwanza ikishanyesha baada ya ukame, aliiita mlafi, kwa sababu ilikunywa kwa pupa mpaka ngozi ikashindwa. Iliyokuwa na tundu dogo karibu na kitovu na unga unga wa uchafu pembeni, alisema ina mpangaji, akaipasua mbele yako ili umwone mdudu mwenyewe ndani, mnene, bila haya. Ile iliyogusa udongo ikaoza kwa miduara alisema imelala chini bila mkeka, na aibu ni ya mwenye nyumba. Kuna zile zinazotoka na makovu na mikunjo huko chini, sura mbaya kabisa, hujui mbele wala nyuma. Hizo alizipenda. Alisema zilipata baridi zikiwa bado ua, zikazaliwa na kovu, na utamu wao ni ule ule. Mwanamke aliyejifungua mtoto mwenye alama usoni, Mkunga alimpelekea nyanya ya namna hiyo, akamla mbele ya macho yake, nusu kwa nusu, bila kueleza. Kila mama alielewa.

Naona nimeandika "akamla". Ndivyo alivyotuharibia lugha yetu. Nyanya kwake zilikuwa watu, na sisi tukafuata.

Mtu akiniuliza alikuwa mpole au mkali, nashindwa kujibu. Mwanamke aliyekuwa na uchungu alimfokea kama mwizi. Alimwambia asukume, anyamaze, asimvunje vidole, na kwamba hakuna aliyemtuma. Mtoto akishalia, Mkunga alitoka nje, akasimama nyuma ya mlango, akalia naye. Nilimkuta hivyo kwenye uzazi wangu wa pili, kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa na ufa. Alipoona namwona alijifuta kwa kaniki yake, akasema moshi wa jikoni kwangu ni mwingi.

Kwa nyanya alikuwa na mkono wa birika. Hakuuza, hakugawa, na ukipita karibu na uzio na chungu mkononi alijua unataka nini kabla hujaamkia. Lakini mwanamke aliyejifungua alipelekewa mchuzi wa nyanya na ndagala kila siku hadi alipotoka arobaini. Mke wa askari mmoja wa boma, ambaye hakuna aliyempenda kwa sababu ya kiburi chake, naye aliupata mchuzi huo hadi mwisho, tena kwa bakuli lililojaa.

Jambo ambalo hakulifanyia mzaha ni sifa. Katika ua wake hukusifu kitu kikavu kikavu. Mtoto, mbuzi, nyanya, hata chungu kipya, unaanza na mashallah ndipo useme lako. Ukisahau alikusimamisha pale pale, akakurudisha mwanzo, akakutemesha mate kidogo pembeni. Alituzoesha hivyo kuanzia siku za arobaini, tulipokuwa dhaifu na hatuna pa kukimbilia, na wanetu wakaanza kulisema kabla hawajajua kuomba maji. Kwenye uzio alitundika hirizi iliyoshonwa ndani ya ngozi. Swala alichelewa mara nyingi, akisema mimba hazingoji adhana, lakini mashallah hakuiachia iteleze.

Sasa lile jina lililoleta kosa.

Kuna ugonjwa wa nyanya unaoanzia utosini. Tunda ni kijani bado, zuri, unalifurahia, kisha kule chini linatokea doa la maji. Doa linakuwa la kahawia, halafu jeusi, kavu, limebonyea ndani, la mviringo, na kando yake pana utepe wa rangi hafifu. Ukiligeuza tunda, doa linakutazama. Mkunga alikuwa ameliita jicho zamani sana, kabla yangu, kwa umbo lake tu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanamke wa Gatete kwamba jicho ni jina, kama vile chungu kina shingo na hakuna anayekivalisha ushanga. Alijua kutofautisha. Lakini neno ukishalitoa linatembea lenyewe. Watu walisema nyanya za fulani zina jicho, baada ya muda wakasema zimetiwa jicho, na hapo tena hakuna aliyeuliza habari ya udongo wala maji. Waliuliza nani kapita.

Kwa Mkunga mwenyewe jicho lilikuwa limeadimika. Zamani, aliniambia, lilimsumbua kila kiangazi. Kisha likatoweka, miaka ikapita bila tunda moja kuguswa, na yeye sifa zote akaipa ile hirizi ya kwenye uzio. Alijivuna nayo. Alisema jicho limeona limekutana na mwenzake, likarudi lilikotoka. Alikuwa hajajiuliza ni nini kingine kilichobadilika katika miaka hiyo, nami sikujiuliza, kwa maana tulikuwa tumeshapewa jibu.

Kilichobadilika ni kwamba kaka yake alioa.

Wifi yake alikuwa binti wa milimani, upande wa Bugarama, aliyesilimu kwa sababu ya ndoa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa kuinamisha uso. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kirundi chake kizuri sana, cha kunyooka, ambacho sisi wa pwani ya ziwa tulikuwa tumekichanganya hadi hakikujijua. Hakupata mtoto. Labda kwa hiyo alipenda kubeba watoto wa wengine. Mwanangu wa kwanza alijifunza kusimama akiwa ameshika vidole vyake. Mkunga alimtania, akamfundisha kupika, akamwita mwali wangu hata baada ya miaka mingi ya ndoa. Kitu kimoja kilimshinda kumfundisha. Wifi alipofurahi, alifurahi kwa lugha ya kwao, na katika lugha ya kwao lile neno la kinga halikuwa limekaa mahali pake.

Mwaka wa kosa lenyewe kiangazi kilikuwa kikali. Wifi alikuwa amebadilika kidogo. Alikuwa akilalamika kichwa, akaketi popote alipopata kivuli, akasinzia katikati ya kuchambua mboga. Wanawake walimwita mvivu. Neno malale, ule ugonjwa wa usingizi, lilikuwa limeshafika kwenye masikio yetu kutoka upande wa pili wa ziwa, lakini tulilidhani ni jambo la wavuvi na watu wa vichakani. Siku moja asubuhi Mkunga alikuwa akifunga mkoba wake kwenda Gatete kuzalisha, wifi akasimama kwenye uwazi wa uzio, akatazama bustani. Nilikuwepo, naosha vyombo. Nyanya zilikuwa zimejaa, kijani zinazoanza kung'aa, matawi yameinama.

"Ni nziza cane," akasema wifi. Nzuri sana. Akacheka kwa kuinamisha uso, akarudi kwake.

Mkunga alisimama kidogo na mkoba wake. Nilidhani atamwita amrudishe mwanzo kama alivyoturudisha sote. Lakini mjumbe wa Gatete alikuwa akihimiza, akaenda.

Uzazi ule ulikuwa mbaya. Mtoto alitangulia kwa miguu, na mama akapata homa baada ya kujifungua, Mkunga akawa hawezi kumwacha. Alirudi siku nyingi baadaye, amekonda, hajalala vizuri, ila mama na mtoto wote hai. Aliingia bustanini kabla ya kuingia nyumbani. Udongo ulikuwa umepasuka. Akachota maji, akamwaga mengi, kama mtu anayeomba radhi, mpaka yakasimama kwenye mashina. Halafu akaanza kuzigeuza nyanya. Nilikuwa upande wangu wa ua nikamwona akigeuza moja, akageuza nyingine, mkono ukazidi kwenda mbio. Kila aliyoigeuza ilimtazama.

Yule mwanamke aliyetufundisha kuuliza doa liko wapi, siku hiyo hakuuliza. Neno alilolitunga mwenyewe alilisadiki. Alizichuma zote kwenye kapu, akapita kwenye uwazi wa uzio, akazimimina miguuni pa wifi yake aliyekuwa ameketi kwenye mkeka.

"Angalia jicho lako," akamwambia. "Iko limekula vizuri."

Watu walisikia. Wifi alizitazama zile nyanya, akamtazama Mkunga, akaanza neno kwa Kirundi, akaliacha njiani. Mimi nilidhani ni Kiswahili kimempotea. Akaanza kuziokota moja moja na kuzirudisha kapuni, taratibu sana, akipumzika kati ya moja na nyingine.

Angekuwa mtu mwingine aliyesema vile, lingepita. Wanawake hugombana nyuani, wakapatana kwenye msiba. Lakini aliyesema alikuwa Mkunga, na hakuna mama mwenye kichanga atakayebisha na mkunga kuhusu jicho. Kuanzia siku hiyo watoto walifunikwa wifi alipopita. Waliokuwa wakimkimbilia waliitwa ndani. Wangu pia niliwaita, kama wote. Hakuna aliyemtukana, tulimwamkia vizuri, tukamwambia amahoro, tukageuza mbeleko upande wa pili. Aliishi hivyo mpaka kaka mtu alipoona mkewe anazidi kudhoofika na kunyamaza, akampandisha kwao Bugarama akapumzike. Mkunga hakutoka kuwaaga. Alikuwa na mgonjwa, alisema, na kweli alikuwa naye.

Kisha serikali ikaamuru vichaka vya ufukweni vikatwe, ili mbung'o wanaoleta malale wakose pa kukaa. Wanaume walitolewa kwa zamu na mapanga, matete yakalala, na nyumba zilizokaribiana sana na maji zikahamishwa juu. Waliotokwa na tezi shingoni walichukuliwa kambi ya malale, kusini, ambako walidungwa sindano. Habari ikaja kwamba wifi amechukuliwa huko kutoka Bugarama, na kwamba ugonjwa alikuwa nao siku nyingi. Tulipoisikia, kila mmoja wetu alikumbuka mara moja jinsi alivyokuwa akisinzia kwenye mboga. Mkunga alikuwepo, akaendelea kumkanda mtoto wa watu mafuta kana kwamba hajasikia.

Jicho likarudi kiangazi kilichofuata, wifi akiwa mbali, hakuna macho yake ya kusingizia. Likarudi tena. Mkunga alibadilisha hirizi, akahamisha miche, akafukiza ubani. Nyanya zilizoiva wakati yuko nyumbani zilikuwa safi. Akiitwa Kizuka au Gatete akakawia, akirudi zinamtazama. Nadhani alikuwa ameanza kushuku jambo. Alikuwa amepungua maneno, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa dalili.

Aliyemwambia ni kaka yake. Alikuja kumletea mawese, nami nilikuwa pale na mwanangu mgongoni. Akaziona nyanya, akashangaa kwa nia njema kabisa, mtu asiyekuwa na kinyongo wala haraka.

"Dada, sasa hakuna mutu anakusaidia kumwanga maji?" akauliza. "Zamani kila mara ukienda kuzalisha, muke wangu iko anachota ziwani na kibuyu, kidogo kidogo, asubuhi na jioni, mupaka unarudia. Nilizania unajua. Ule mwaka wa mwisho tu ndiyo nguvu ilimushinda."

Akasema kwamba siku ile ya kapu wifi alimwambia yeye, kwa Kirundi, kwamba dada yako ana haki ya kukasirika, kwa kuwa nimeziacha nyanya zake zikashikwa na kiu. Alidhani ndiyo kosa analoambiwa. Habari ya jicho la husuda alikuja kuielewa baadaye, watoto walipoanza kufichwa.

Mkunga alikuwa ameinama anang'oa magugu. Hakuinuka. Aliendelea kung'oa, magugu yakaisha, akang'oa na mche wa nyanya, na wa pili, mpaka kaka yake akamshika mkono. Nilienda zangu nyumbani. Sikuweza kumtazama, na ninajua asingependa nimtazame.

Kuanzia hapo alianza kulifuta lile neno. Kila alikokwenda kuzalisha aliwaambia wanawake: jicho la nyanya ni kiu. Tunda likikauka kisha likanyweshwa kwa fujo, kichwa chake kinakufa, basi. Umwagilie kidogo kidogo, kila siku, funika shina kwa nyasi, utaona. Hirizi aliishusha mwenyewe. Aliongeza kusema, tena kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba wifi yake alikuwa msafi na yeye ndiye aliyemzulia. Ilimgharimu kusema hivyo, mwanamke mwenye kiburi kama yeye. Na hakuna aliyemwamini. Wanawake waliitikia kwa heshima, wakasema murakoze, asante, na akishaondoka waliambiana kwamba Mkunga ana huruma, anamsitiri mke wa kaka yake kwa kuwa ni mgonjwa. Mpaka leo kuna nyumba Rumonge ambazo nyanya ikiwa na doa kichwani wanauliza nani kapita.

Wengine mtauliza mbona hakwenda kambini siku ile ile. Mimi nilimuuliza. Alisema kuna mimba ya fulani. Ikazaliwa hiyo, ikawepo ya mwingine. Sidhani alikuwa anadanganya; mimba kweli zilikuwepo. Lakini nilimwona mara nyingi akifunga mkoba, akiufungua, akitazama njia ya kusini, akikumbuka kwamba hajamaliza kukausha mbegu. Mtu ambaye aliingiza mkono mahali pa mauti kila wiki aliogopa kwenda kusema neno moja.

Alipokwenda, alikwenda na kapu la nyanya, zile bora, zilizoiva sawasawa kuanzia kitovu mpaka utosini. Alisindikizwa na kaka yake. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anapanga kuni. Wifi alikuwa amelazwa chini ya kibanda cha nyasi, amebaki macho na mifupa, analala hata akiwa anakula. Alipoamshwa alimjua. Alisema muramukazi, yaani wifi yangu, akajaribu kukaa. Mkunga akaweka kapu mbele yake, akalifunua, akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga njiani. Wifi akaona kilichomo ndani. Akachukua ncha ya nguo yake, akajifunika uso, haraka, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akageukia ukutani.

Hakutaka kuzitazama zisije zikaharibika. Alikuwa amefundishwa hatimaye.

Mkunga alimwambia azitazame, ni zake. Akamwambia ni kiu, haikuwa jicho. Akamwambia nimekosa. Alisema maneno yote kwa Kirundi, lakini wifi alikuwa ameshalala tena na nguo usoni, na kama alisikia hakuna anayejua. Alikufa kabla ya mvua.

Mkunga aliishi baada ya hapo, akazalisha, akafoka, akapeleka mchuzi wa arobaini. Msidhani aliinama akazeeka siku moja. Alinisema mimi hadi mwisho, kuhusu kitambaa changu na moshi wangu. Ila akitoka kwenda kuzalisha hakumwachia mtu yeyote bustani. Tulijitolea, mimi na wengine, tukamwambia tutamwagilia. Alikataa. Alipendelea arudi azikute zina jicho.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa siku zile Wadachi wanaondoka. Mtaa ulikuwa nusu tupu, watu wamepandisha watoto milimani kwa hofu ya mizinga ya vita kutoka ziwani, na mume wangu alikuwa ananiita nifunge mizigo. Nilipita kumuaga. Nilimkuta bustanini ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, miguu imevimba, haendi tena popote kuzalisha. Kwa hiyo alikuwa akimwagilia kila siku, na nyanya zilikuwa kama zile za mwaka ule, zimejaa, zinang'aa, matawi yameinama. Niligeuza mojawapo kwa mazoea. Utosi ulikuwa safi.

"Zisifu," akaniambia. "Lakini usiseme mashallah. Sema kama alivyosema yeye."

Nikamwelewa. Aliwahi kusifiwa mara moja katika maisha yake na mtu asiyeogopa kitu, na alitaka kuisikia sifa hiyo tena, apate safari hii kuipokea. Nikasimama pale kwenye uwazi wa uzio, nikazitazama, nikavuta pumzi. Ninaapa nilitaka kumpa. Nikasema ni nziza cane, na kabla sijafunga mdomo, mashallah ikafuata yenyewe, kwenye pumzi ile ile, jinsi alivyonizoesha nikiwa kwenye arobaini yangu ya kwanza.

Nikaomba nirudie. Akatikisa kichwa.

"Acha," akasema. "Nyiye wote niliwafundisha."

Akachuma nyanya moja, akaipasua kwa kidole gumba, akanipa nusu. Tukala bila chumvi, kwa kuwa chumvi yangu ilikuwa tayari kwenye mzigo.